Saruji Iliishia Jikoni

Mwezi wa tatu nyundo ililikosa jiwe ikanipata mimi,
kidole gumba cha kushoto.
Damu ikalala chini ya ukucha kama mbegu ya papai.
Nkwimba alipopiga simu kutoka melini
nikamwambia bado nauangalia ukisogea.
Akacheka. "Mayu, upime kwa rula.
Huo ndio mwendo wa huku chini ya bahari.
Sakafu inaachana hivyo hivyo,
upande mmoja kwenda Marekani, mwingine kuja kwetu,
na katikati ufa."

Nilikuwa nimekaa Igogo juu, miguu nimeinyoosha,
lundo la kokoto katikati,
kivuko cha Kamanga kinarudi
na pikipiki zake na matenga ya nyanya.
Nikauliza ambalo fundi yeyote angeuliza:
ufa huo nani anauziba?

"Moto. Mwamba wa chini ukipanda, sehemu yake huyeyuka,
uji wake unajaa ufani, unaganda, unakuwa sakafu mpya.
Ziko bahari ambazo sakafu hukimbia;
huko uji hauishi, unamwagwa na kusawazishwa
kama kazi ya mkandarasi mwenye pesa ya serikali.
Lakini tulipo sisi ni polepole, mayu.
Polepole, na moto ni haba."

Mimi nimelelewa na polepole ndio mwendo.
Haba na haba hujaza kibaba, nilimfundisha mwenyewe
akihesabu ndoo: hii ya ada, hii ya daftari, hii ya sabuni.
Akasema kibaba cha huku hakijai.
Ufa unazidi kufunguka na uji umekwisha.
Basi mwamba wa chini kabisa, ule usioyeyuka,
mzito, wa giza, usiokusudiwa kuonwa na samaki,
unaburutwa wenyewe kwenye mteremko mrefu wa ufa
hadi nje, hadi kwenye maji ya baridi,
unakaa pale. Ndio sakafu.

Simu ikakatika.

Jikoni kwangu saruji iliisha.
Mwaka ule Lugembe alikwenda Geita kuchimba, akaacha kutuma.
Nilikuwa nimemaliza sebule, mifuko sita;
wa saba haukuja.
Kwa hiyo napika juu ya jiwe la mlima lenyewe,
mgongo wake umetokeza kati ya mafiga na mlango,
nimelifagia miaka ishirini na miwili mpaka linang'aa.
Wageni huliruka.
Nkwimba alijifunza kusimama kwa kulishika.

Desemba alikuja na kipande, urefu wa betri ya tochi,
kimekatwa na mashine, kijani, chenye mishipa
kama ngozi ya chatu aliyetoka majini.
"Maji yakiuingia mwamba ule, hugeuka hivi. Huvimba. Huteleza."
Nikakigusa kwa ulimi, ndivyo ninavyosalimia jiwe geni.
Nikauliza umri. Akasema ni mtoto,
miaka milioni chache tu.
"Lakini hiyo kokoto unayouza buku kwa ndoo, mayu,
bahari zimefunguka na kufungwa, yenyewe ipo tu, imekaa.
Uza ghali."
Nani atanunua uzee? Fundi anataka robo tatu,
isiyo na vumbi.

Alipolala nilikiweka kile cha kijani juu ya jiwe la kupondea.
Nilitaka kuisikia sauti yake, basi.
Matale hulia kama kengele, hata jirani anajua nimeanza kazi.
Hiki kilisema kitu kifupi,
kama mtu aliyekatizwa,
kikaachana vipande viwili, halafu vitano.

Sijamwambia. Alirudi melini na wabeja nyingi
na dagaa kilo tatu.
Pale jikoni, saruji inapoishia na mlima unapoanza,
kuna mwanya wa upana wa kidole.
Nilivisukumia humo, nikavishindilia kwa mpini wa nyundo.

Havikuujaza.